Sugu Kidoleni, Sugu Kidondani

Kila asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, nyundo ya Fundi Soli ilianza kulia. Ko, ko, ko. Watu wa mtaa ule hawakuhitaji saa. Wakiisikia nyundo, waliwaamsha watoto waende shule.

Fundi Soli alikuwa fundi viatu. Watu walimwita hivyo kwa miaka mingi, hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yake, chini ya bati moja. Ndani mlikuwa na kiti kifupi, chuma cha kugongea, kopo la gundi na msharasi. Msharasi ni ile sindano nene yenye mpini wa mti, ya kutobolea ngozi. Msharasi wake ulikuwa mkongwe kuliko ndoa yake.

"Ukitaka kumjua fundi," aliwaambia wateja, "mtazame kidole gumba."

Kisha alikiinua chake. Kwenye nyama ya kidole palikuwa na sugu, ngumu kama ngozi ya kisigino.

"Sugu hii nimeilea miaka thelathini. Ukinichoma hapa, sisikii kitu."

Mkewe alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Akipita na kusikia majigambo hayo, alicheka.

"Msimwamini," aliwaambia wateja. "Ana sugu nyingine masikioni. Hata ukisema naye, hasikii."

Siku moja Fundi Soli alikuwa akikata soli ya buti. Kisu kiliteleza. Kikampata kwenye muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu. Damu ilitoka kidogo tu. Akafunga kitambaa, akaendelea na kazi.

Siku ya tatu mguu ulivimba. Jirani yake, dereva wa lori, akamhurumia.

"Nina kapsuli zilizobaki nilipoumwa kifua," alisema dereva. "Dawa kali hizo. Meza mbili."

Fundi akameza mbili. Kesho yake maumivu yakapungua. Kapsuli nne zilizobaki akazitia kwenye kopo tupu la gundi, akiba ya baadaye. Wiki iliyofuata maumivu yalirudi, akameza moja. Yakapungua. Yakarudi, akameza nyingine. Mteja mmoja naye akamletea vidonge vya rangi ya njano, akavimeza vitatu.

Hivyo ikapita miezi mitatu. Kidonda hakikufunga. Kilipanuka, kikatoa usaha, kikaanza kunuka. Wateja walianza kusimama mbali. Mwalimu mmoja alikuja kuchukua viatu vya mwanawe huku ameziba pua kwa leso.

"Mafua, Mwalimu?" Fundi alimuuliza.

Mwalimu aliona aibu. "Ndiyo, fundi. Mafua."

Mkewe alisikia. Jioni ile hakucheka. Aliweka beseni la maji ya uvuguvugu mbele ya mumewe, akafungua kile kitambaa.

"Baba watoto, mwalimu hana mafua."

"Najua."

"Unajua na umekaa? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho siendi kupiga pasi. Tunakwenda kituo cha afya, wewe na mimi."

"Kidonda kidogo tu, mama watoto."

"Kilikuwa kidogo mwezi wa kwanza. Sasa hata leso yangu haikifuniki."

Kesho yake nyundo haikulia. Watu wengine walichelewa kazini.

Pale kituoni daktari alimuuliza dawa alizomeza, akampima sukari, akampiga picha ya mfupa. Sukari ilikuwa sawa. Mfupa nao ulikuwa bado mzima. Daktari alikuwa mama mwenye maneno machache.

"Una bahati, mzee," alisema. "Lakini bahati hii haitadumu. Uchafu wa kidonda ukiingia kwenye mfupa, tutaanza kuzungumza habari za kukata."

"Kukata nini?" Fundi aliuliza.

"Mguu."

Fundi viatu hafanyi kazi kwa mikono peke yake. Hukibana kiatu kwa magoti, huikanyaga kamba kwa mguu mmoja na kuivuta kwa mkono. Fundi Soli alitazama mguu wake kama mtu anayetazama chombo cha kazi alichoazimwa na mwenyewe amekuja kukidai.

Alijaribu kumtania mkewe. "Basi nitajishonea kiatu kimoja tu. Nitaokoa ngozi."

Mkewe alimshika mkono.

Walipelekwa chumba cha kufungia vidonda. Muuguzi wa chumba kile aliitwa Polepole. Jina hilo alipewa na wagonjwa. Kwanza, kila anayeingia alimwambia, "Pole, pole." Pili, hakuwahi kufanya jambo kwa haraka. Alinawa mikono kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, hadi Fundi akadhani anavihesabu. Alivaa glavu. Alikiosha kidonda kwa maji maalumu, akaondoa nyama iliyokufa kidogo kidogo, na kila alipogusa penye maumivu alisimama akangoja.

Fundi alimtazama. Anayejua kazi humtambua mwenzake.

"Huyu ni fundi," alimnong'oneza mkewe.

Lakini kila Polepole alipotembea, kiatu chake cha kulia kilipiga makofi. Pa, pa, pa. Soli ilikuwa imeachia mbele.

"Bwana muuguzi," alisema Fundi, "kiatu chako kina njaa. Kimefungua mdomo."

Polepole alitabasamu. "Kinyozi hajinyoi, mzee wangu. Nashinda nikitazama miguu ya watu, wangu siuoni."

"Kilete kesho nikishone."

"Kesho mguu wako utakuwa juu ya mto. Ukipona nitakuletea."

Kabla hawajaondoka, Polepole alichukua kijiti chenye pamba safi, akakizungusha ndani ya kidonda.

"Hiki kinakwenda maabara," alieleza. "Tunataka kuwajua bakteria waliomo, na kujua dawa gani inawaua."

"Bakteria ndio wadudu?" mkewe aliuliza.

"Tunaweza kusema vijidudu. Ni wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Wengine hawatudhuru. Wakidhuru, wanafanya kama hivi."

Majibu yalikuja baada ya siku tano. Polepole aliweka karatasi mezani. Palikuwa na orodha ya dawa sita. Nne zilikuwa zimepigwa mstari mwekundu.

"Hizi nne haziwaui tena," alisema. "Bakteria wako ni sugu."

Fundi alitazama kidole chake gumba.

"Sugu? Kama hii?"

Polepole alikishika kidole kile. Alikigeuza huku na huku, kwa makini kama alivyokitazama kidonda.

"Sugu hii uliipataje?"

"Msharasi. Unasukuma, unasukuma, kila siku. Kwanza malengelenge, halafu panakuwa pagumu."

"Na kama siku ya kwanza msharasi ungekitoboa kabisa?"

"Kingekuwa kidonda. Kisingeota sugu."

"Basi umekwisha kujieleza mwenyewe," alisema Polepole. "Kapsuli mbili leo, moja wiki ijayo. Uliwachoma bakteria, hukuwatoboa."

Mkewe alimgeukia mumewe. "Unasikia?"

"Leo nasikia," alijibu Fundi.

"Ila kuna tofauti moja," Polepole aliendelea. "Kidole ni kimoja, nacho kinakuwa kigumu chenyewe. Bakteria ni maelfu kwa maelfu. Dawa kidogo iliwaua walio dhaifu. Wale wagumu wakabaki. Wakazaa watoto wagumu kama wao. Sasa kidondani mwako umebaki ukoo wa wagumu watupu."

"Kumbe nimefuga ukoo."

"Umefuga, mzee wangu. Na ukoo huo unaweza kuhama. Ukimfunga mtu mwingine kwa kitambaa chako, au usiponawa mikono, unampelekea bakteria ambao tayari ni sugu. Ndiyo maana dawa za kuua bakteria haziazimwi. Daktari akupime, akuandikie, nawe uzimeze kama alivyosema. Usizidishe, usipunguze, usiweke akiba."

Fundi aliinamisha kichwa. "Kwenye kopo la gundi nina akiba ya kapsuli mbili."

"Ziletwe hapa," alisema Polepole. "Tutaziteketeza ipasavyo."

Daktari aliingia, akaisoma karatasi. Akaeleza kwamba dawa mbili zilizobaki ni za sindano, tena ni za mwisho mwisho. Hakutaka kuzitumia bila sababu. Fundi hakuwa na homa, na wekundu haukuwa umepanda mguuni. Kwa hiyo wangeanza kwa kukiosha kidonda vizuri na kukifunga vizuri.

"Lakini ukipata homa," alisema daktari, "au wekundu ukipanda, au maumivu yakizidi, njoo siku hiyo hiyo. Usingoje kesho."

Kisha akamgeukia Polepole. "Mweleze habari ya bandeji mpya."

Polepole alitoa kabatini pakiti nyembamba iliyofungwa pande zote.

"Ndani mna bandeji ya shashi, kitambaa chepesi chenye matundu," alisema. "Imepakwa jeli yenye mafuta ya mchaichai."

"Mafuta?" mkewe alishtuka. "Ya kukaangia?"

"La, mama. Haya hayakaangi kitu. Majani yanawekwa kwenye mvuke wa maji moto. Mvuke unachukua harufu ya majani. Ukipoa unakuwa maji, na mafuta yanaelea juu. Gunia zima la majani linatoa kijichupa kimoja."

"Na hayo yanaua bakteria sugu?"

Polepole aliiweka pakiti mezani.

"Maabarani yameonekana kuwaua baadhi yao," alisema. "Bakteria ana ganda lake, kama ngozi. Mafuta haya yanalitoboa ganda. Ni njia tofauti na ya kapsuli. Lakini sahani ya maabara si mguu wa mtu. Ndiyo maana tunachunguza. Watu thelathini katika vituo vichache wanafungwa bandeji hizi, na kila kitu kinaandikwa. Ukikubali, utakuwa mmoja wao. Ukikataa, nitakuosha na kukufunga kwa bandeji ya kawaida, na sitakununia."

Akawasomea karatasi nzima, mstari kwa mstari. Mkewe aliuliza maswali saba. Fundi aliuliza moja tu.

"Wewe ndiye utakayenifunga?"

"Ni mimi."

"Basi nakubali."

Kwanza Polepole alimpaka jeli kidogo mkononi, pahali penye ngozi nzima. Akangoja siku nzima aone kama ngozi itawasha. Haikuwasha. Ndipo akamfunga bandeji ya kwanza.

Tangu hapo Fundi alikwenda kituoni kila baada ya siku moja. Kila mara Polepole alinawa vidole vyake kimoja kimoja. Kila mara alikipima kidonda kwa rula ya karatasi, akaandika kwenye daftari. Hakuruka siku hata moja. Hata siku aliyokuwa na wagonjwa ishirini mlangoni, rula ilitoka mfukoni.

Wiki ya kwanza, kidonda kilikuwa na urefu wa sentimita saba. Wiki ya pili, sita na nusu. Harufu mbaya ilianza kupungua. Wiki ya tatu, sita. Kando ya kidonda paliota nyama mpya, nyekundu na yenye kung'aa.

"Unaona hii?" Polepole alimwambia. "Hii ni changa. Tuitunze kama mtoto mchanga."

Nyumbani, mkewe alihakikisha mguu umeinuliwa juu ya mito miwili. Fundi alikula vizuri na kunywa maji. Lakini alichoka kukaa. Viatu vya watu vilirundikana kibandani. Kila mtu aliyepita aliuliza, "Fundi, lini?" Naye alijihesabia: nusu sentimita kwa wiki. Sentimita sita ni wiki kumi na mbili! Alihisi atazeekea juu ya mito.

Hapo ndipo lilipomjia wazo. Kama bandeji yenye mafuta kidogo inafanya kazi namna hii, mafuta mengi yatafanyaje?

Mdogo wa mkewe alikuwa mtengenezaji wa sabuni. Alikuwa na chupa za mafuta ya kila namna ya kutia harufu. Fundi alimngoja aje kuwatembelea.

"Shemeji," alimwambia, "kibanda changu kinanuka gundi. Nipe kichupa cha mafuta ya mchaichai nikitie harufu."

Shemeji alimtazama kwa shaka. "Tangu lini wewe ukajali harufu?"

"Uzee, shemeji. Mtu anabadilika."

"Chukua. Lakini hayo ni mafuta matupu, hayajachanganywa. Mimi mwenyewe nayashika kwa glavu. Yasikuguse."

"Nimekusikia," alisema Fundi. Lakini zile sugu za masikioni zilikuwa zimerudi.

Mchana ule mkewe alikuwa kazini. Fundi aliifungua bandeji, akakimimina kichupa chote juu ya kidonda. Akakifunika kwa karatasi ya nailoni ili mafuta yasitoke, kisha akaifunga bandeji juu yake.

Mwanzo alihisi baridi. Baada ya dakika chache alihisi moto. Akauma meno. "Ndiyo inafanya kazi," alijiambia. Moto ukazidi. Alipoifungua bandeji, ngozi ya pembeni ilikuwa nyekundu na ina malengelenge. Ile nyama changa ilikuwa imepauka, nyeupe kama kidole kilichokaa sana majini. Alimwaga maji safi juu yake, mengi, kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka.

Mkewe aliporudi alisimama mlangoni. Nyumba nzima ilinuka kama kiwanda cha sabuni.

"Umefanya nini?"

Fundi alimwonyesha.

Mkewe aliketi sakafuni kando ya ule mguu. Alilia kidogo, kisha akajifuta. "Inuka," alisema. "Hatungoji kesho."

Kituoni Polepole alikuwa akifunga chumba chake. Aliinua kichwa kabla hawajafika mlangoni.

"Pole, pole," alisema. "Harufu imefika kabla yenu."

Alimlaza Fundi kitandani. Alinawa. Alikiosha kidonda kwa maji mengi, taratibu, hadi harufu ikapungua. Akamwita daktari aje kutazama. Hakugomba. Hakusema, "Si nilikwambia." Upole wake ulimuuma Fundi kuliko malengelenge.

Rula ya karatasi ilitoka mfukoni. Sentimita saba na nusu.

"Lazima niandike ukweli," alisema Polepole. "Kwamba uliongeza mafuta mwenyewe. Bandeji ya utafiti tutaisimamisha. Tutakufunga kwa bandeji ya kawaida mpaka ngozi itulie. Baadaye watafiti wataamua kama utarudi kundini."

"Na mguu?" Fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Daktari anasema mfupa bado haujaguswa. Tunaanza tena."

Polepole aliinuka kwenda kabatini. Pa, pa, pa. Kiatu kile kile. Lakini mlio wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa kunata. Fundi, hata katika aibu yake, hakuweza kujizuia.

"Bwana muuguzi, kiatu hicho kimeguswa na nani?"

Polepole alikivua, akampa. Soli ilikuwa imeachia zaidi kuliko mwanzo. Ndani palijaa gundi nene, imekauka juu na bado mbichi chini. Ilikuwa imetoka pembeni na kuila ngozi, ngozi ikajikunja.

Fundi Soli alishtuka kana kwamba ameonyeshwa mgonjwa mahututi.

"Nani kakuharibia kiatu namna hii? Huyu si fundi, ni adui! Gundi yote hii ya nini? Gundi nyingi haishiki! Unasafisha kwanza, unakwaruza kwa msasa. Unapaka nyembamba, huku na huku. Unaiacha ikauke hadi isinate kidole. Ndipo unagandisha na kugonga. Ukimwaga kopo zima, haikauki, halafu inakula ngozi. Hata mtoto mchanga…"

"Ni mimi," alisema Polepole.

"Wewe?"

"Kibanda chako kimefungwa, nami sikutaka kukusumbua. Nikanunua gundi. Niliona kidogo inashika, nikasema nyingi itashika zaidi."

Fundi alikitazama kiatu. Akautazama mguu wake. Akakitazama kiatu tena.

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka huku macho bado mekundu. Polepole naye akacheka, taratibu kama afanyavyo kila kitu. Mwisho Fundi mwenyewe akatikisika kitandani hadi malengelenge yakamuuma.

"Jamani," alisema, "nimejitukana mwenyewe mchana kweupe."

"Mafuta haya hayachagui," alieleza Polepole walipotulia. "Yanayotoboa ganda la bakteria yanaweza pia kuiunguza nyama yako. Kila kiumbe kina ngozi. Kwenye bandeji, watu wa maabara walitafuta kipimo ambacho bakteria hakivumilii lakini nyama yako inakivumilia. Walikitafuta miaka mingi. Matone machache kwenye kopo zima la jeli. Ile ndiyo gundi nyembamba, mzee wangu. Wewe ulimwaga kopo."

"Na nailoni ikazuia isikauke."

"Umeona."

"Lakini mchaichai ninao uani," alisema mkewe. "Nikiuchemsha nimwoshee, je?"

"Usijaribu, mama. Majani ya uani yana vumbi na vijidudu vyake, na kipimo chake hakuna anayekijua. Uache kwa ajili ya chai."

Fundi hakujaribu tena. Kwa siku kumi na mbili alifungwa bandeji ya kawaida. Malengelenge yalikauka. Watafiti walituma jibu: arudi kwenye bandeji ya mchaichai, lakini habari zake ziandikwe kando. Fundi alikubali. Akaanza kuhudhuria kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, mapema na kimya.

Alianza kuona mambo ambayo hakuyaona mwanzo. Aliona jinsi Polepole alivyofungua pakiti bila kugusa ndani. Aliona alivyoanzia kuosha katikati na kwenda nje, asirudishe uchafu. Aliona alivyofunga bandeji: ikikaza sana damu haipiti, ikilegea sana inateleza. Kwa miaka thelathini Fundi aliwatazama mafundi wengi wakifanya kazi. Wachache sana walikuwa na mkono kama ule. Tena mkono huo ulikuwa ukimhudumia kila mtu aliyekaa kwenye lile benchi, mwenye harufu na asiye na harufu, bila leso puani.

Sentimita saba. Sita. Nne na nusu. Tatu. Moja.

Asubuhi moja Polepole aliweka rula, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaandika kwenye daftari. Fundi alinyoosha shingo. Palikuwa pameandikwa sifuri.

Mkewe alipiga kigelegele hadi daktari akatoka mbio chumbani kwake.

"Kwa hiyo mafuta ya mchaichai yameniponya," alisema Fundi.

"Mguu mmoja hauthibitishi dawa," alijibu Polepole. "Umeoshwa kila baada ya siku moja. Umeinua mguu. Umekula. Umeacha kumeza kapsuli za kuazima. Mafuta nayo huenda yana sehemu yake. Kubwa au ndogo, watafiti ndio wanaohesabu. Miguu thelathini itasema zaidi ya mmoja, na baada ya thelathini itatakiwa mingine mingi."

Fundi alifikiri kidogo. "Sawa. Soli moja iliyoshika haikufanyi fundi."

"Hapo umenipita."

"Nipe kiatu."

Fundi alikipeleka kibandani. Alikwangua gundi yote ya Polepole. Akapiga msasa. Akapaka gundi nyembamba huku na huku. Akaweka kiatu kando, akakaa, akangoja. Hakuharakisha. Kisha akagandisha, akagonga, na kwa usalama akashona kwa mkono, kamba ikipita kila shimo la msharasi. Mtaa mzima ulisikia ko, ko, ko. Watoto waliamshwa kwenda shule.

Mwezi ulipita. Asubuhi moja dereva wa lori alikuja kibandani, kiganja chake kimefungwa kwa kitambaa. Alikuwa amekatwa na bati siku mbili zilizopita. Mkono ulikuwa umevimba.

"Fundi, zile kapsuli nilizokupa, hazikubaki hata mbili?"

Fundi Soli aliweka nyundo chini.

"Jirani, shika hapa." Alimpa kidole chake gumba.

Dereva alikishika, hajui kwa nini. "Sugu. Naijua. Umeniringia nayo miaka yote."

"Hii ni ya kidoleni, haina ubaya. Kidonda changu nacho kiliota yake, na ilitaka kuula mguu wangu. Uliniazima kapsuli kwa moyo mzuri, nami nikazila ovyo. Leo nataka kukulipa wema wako."

"Kwa kapsuli?"

"Kwa miguu."

Akafunga kibanda. Watu walishangaa: nyundo imenyamaza saa tatu asubuhi. Fundi Soli alimshika jirani yake mkono ule mzima, wakaenda pamoja kituo cha afya. Njia nzima dereva alilalamika kwamba kidonda ni kidogo tu. Fundi alimwacha aseme.

Walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kufungia vidonda. Fundi alimnong'oneza mwenzake, "Ukiingia, mtazame anavyonawa mikono. Kaa kimya utazame. Hutaona kazi kama ile kila siku."

"Yuko wapi mwenyewe?" dereva aliuliza. "Sisikii mtu."

"Pole, pole," ilisema sauti karibu kabisa na bega lake.

Dereva aliruka. Polepole alikuwa amesimama nyuma yao, taulo safi mkononi. Fundi Soli alitazama chini, kwenye kile kiatu cha kulia, akatabasamu.

Hawakumsikia akija.